Siku Niliyomsemea Mutua

Nichekeni tu, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini na imenichosha. Wakati huo nilikuwa chuo kikuu nikisomea utetezi na usaidizi wa watu wenye ulemavu, si ualimu (mtaani kwetu Jericho hakuna aliyeelewa, kila jioni ilikuwa "Mwalimu, watakupeleka shule gani?" hadi nikaacha kubisha), kwa hiyo nilikuwa na kiu ya kuonyesha kwamba masomo yangu yana kazi. Hapo ndipo shetani aliponipata.

Jirani yetu Mutua alikuwa akitengeneza akala, vile viatu vya matairi, pale soko la Kariokor, kwenye kibanda cha nyuma kabisa, ambako mvua ikinyesha magongo yake yalizama matopeni ikambidi atambae. Kibanda kimoja cha langoni kikabaki wazi, kamati ya soko ikaitisha mkutano, naye Mutua, akikitaka, akaniomba nimshikie mfuko wa viatu vya kuonyesha. Kushika mfuko, basi.

Mutua alianza vizuri: wateja wake, kazi yake, jinsi asivyochelewesha kodi. Mwenyekiti akamkatiza, "Lakini langoni watu wanasukumana, wewe utaweza kweli?" Na mimi, msomi wenu, nikainuka kabla Mutua hajajibu. Nikasema haki, nikasema jamii, nikaona watu wanapiga miayo, basi nikaongeza matope, nikaongeza kutambaa, nikaongeza baridi ya asubuhi, mama mmoja muuza vyondo akaanza kulia, na badala ya kukaa chini nikajiona kumbe naweza, nikaendelea.

"Jamani," mwenyekiti akasema akivua kofia, "ndugu yetu anahitaji maombi. Dada, kwa vile una mzigo moyoni kwa ajili yake, tuongoze."

Ningekataaje, mimi binti wa mzee wa kanisa? Wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani na mabegani (mmoja aliyekosa nafasi akashika gongo), wimbo ukapanda, nami katikati, macho nimefumba, namwombea uponyaji mtu ambaye hakuwa mgonjwa. Nilimsikia akisema, "Wacheni kwanza, jamani, wacheni nimalize," lakini wimbo ukamfunika. Baada ya amina mwenyekiti akapangusa jasho, akatangaza kwamba suala la Mutua tumeshamkabidhi Mungu, kibanda apewe muuza mikoba, na hakuna aliyepinga. Nani apinge baada ya amina?

Njiani Mutua hakunifokea, na heri angenifokea.

"Sista, mimi miguu ndiyo mbaya," alisema. "Mdomo ni mzima. Hukuuona?"

Nikasema samahani.

"Samahani ya nini sasa, na kibanda kimeenda?"

Mvua za mwezi wa nne zilipokuja alizipokea kule kule nyuma, na mimi nikawa napitia barabara nyingine ili nisimwone akitambaa. Baadaye nilihitimu, nikapata kazi ya utetezi hiyo hiyo, na hadi leo mkutanoni mtu akinigeukia mimi na kuuliza, "Huyu anataka nini?" ilhali mwenyewe ameketi pale, nauma ulimi nasubiri, hata jibu likichelewa, hata kimya kikiwakera wakubwa. Ulimi umechoka kuumwa, lakini ili ujifunze kukaa kimya, kuna mtu alikosa kibanda.