Mbegu Tano za Sikio la Tamahou

Tamahou alikuwa na miaka kumi na sita alipoanza kunyoa kondoo, na miaka hiyo hiyo kumi na sita alipoanza kunywa, maana katika mabanda ya vilima vya Taihape mambo hayo mawili yalifundishwa siku moja. Asubuhi baba yake alimshikisha mashine. Jioni, kondoo wa mwisho alipotoka mlangoni mweupe na mwenye aibu, makopo ya bia yalipangwa juu ya meza ya sufu, na moja likawa lake. Hakuna aliyemlazimisha. Lilikuwa lake tu, kama vile nafasi namba mbili kwenye ubao, sakafu ya mbao wanapojipanga wanyoaji, ilivyokuwa ya baba yake na baadaye ikawa yake.

Miaka thelathini aliinama hapo. Akaoa, akaachwa, na mwishowe mikono ikawa inamtetemeka asubuhi, hata siku moja akamkata kondoo titi. Dada yake Ngāwini, ambaye ndiye mwenye kikosi cha wanyoaji, aliizima mashine ile kwa mkono wake mwenyewe.

"Nenda katibiwe, kaka. Namba mbili nitakutunzia. Lakini ukirudi, nikinusa bia mdomoni mwako hata mara moja, nampa mtu mwingine. Na usije ukaniletea machozi."

Nyumba ya tiba ilikuwa Whanganui, karibu na mto. Daktari alimpa vidonge vya kuusaidia mwili uachane na pombe, mshauri akamketisha azungumze, na hayo aliyatarajia. Ambaye hakumtarajia ni Mama Hinewai, muuguzi mnene mwenye kicheko kikubwa, aliyewaketisha wanaume kumi kwa duara, akawaongoza kwa sala na wimbo wa wazee, kisha akapita akiwachomeka sindano nyembamba kama nywele, tano kwa kila sikio.

"Unanitia alama ya sikio kama kondoo jike, mama?" Tamahou aliuliza.

"Kondoo jike halalamiki hivi. Kaa kimya dakika arobaini na tano."

Alikaa. Ukimya ule ulimtisha kwanza, mfano wa banda umeme unapokatika, mtu akasikia kwa mara ya kwanza kwamba nje kuna mto na kwamba umekuwepo siku zote. Wiki ya pili akaanza kuungoja.

Siku ya kuondoka, Hinewai alimbandika mbegu tano nyeusi kwenye sikio la kushoto, kila moja chini ya kiplasta kidogo. "Kiu ikija, bonyeza. Haifukuzi pombe, nisikudanganye. Inaupa mkono wako kazi nyingine. Kila Alhamisi rudi nikubadilishie, na kwa mshauri usikose."

Akarudi bandani na kofia ya sufu aliyoivuta hadi shingoni. Kunyoa kondoo na kofia ya sufu ni sawa na kuoga na koti, na Hēnare wa namba tatu hakumwacha hivi hivi.

"Binamu, huko Whanganui wamekuosha ubongo mpaka ukapata mafua?"

"Nyoa kondoo wako, Hēnare."

Akavumilia wiki nzima, jasho likimtiririka, asubuhi na jioni dada yake akimnusa kama mbwa wa forodha. Siku ya mwisho ya kazi katika banda lile, saa nane mchana, Pare, mchambuaji wa sufu, alipiga ukelele.

"Simamisheni!"

Mashine zikanyamaza. Pare alikuwa ameinua kiplasta kutoka kwenye sufu nyeupe kuliko zote za siku ile. Mavi ya kondoo huoshwa yakatoka, lakini plasta huingia kiwandani ikaharibu robota zima, na mwenye shamba mwenyewe alikuwa amesimama pale na kikombe chake cha chai.

Ngāwini akatazama vidole vya watu. Kidole gumba cha Hēnare kilikuwa na plasta.

"Kusanya vyombo vyako."

"Yangu si hii hapa?"

"Asubuhi ulikuwa nazo mbili."

"Moja nimeitupa kwenye pipa!"

"Pipa limeshachomwa moto, Hēnare. Kusanya."

Tamahou alikuwa na kondoo katikati ya magoti. Hakuna aliyemtazama. Angeweza kuwasha mashine, mnyama akaenda zake, na siri ikaenda naye. Akisema, kabla ya chakula cha jioni wataanza kumcheka hadi mji wa Raetihi. Akavua kofia.

"Ni yangu."

Banda zima likatazama sikio lile jekundu lenye viplasta vinne na alama ya cha tano.

"Mungu wangu," akasema Hēnare. "Wamemtia alama kama kondoo!"

Walicheka hadi mwenye shamba akamwaga chai. Tamahou akaeleza mbegu ni za nini, kwa maneno machache, macho kwenye ubao.

"Na inafanya kazi?" Pare aliuliza.

"Kiu inakuja vile vile. Ila inakaa kidogo tu, kama mgeni asiyepewa kiti."

Ngāwini alisema sufu ile itatengwa, na kuanzia sasa mbegu zibandikwe na utepe juu yake. Kisha akawasha mashine, kwa sababu kondoo arobaini walikuwa bado wanangoja.

Kondoo wa mwisho alipotoka, makopo yakapangwa mezani. Hēnare, kwa mazoea ya miaka, alifungua mawili na kulisukuma moja mbele ya mtu wa namba mbili. Povu likapanda. Mkono wa Tamahou ukawa umeshatangulia kabla yeye hajaamua.

Akaugeuza, akaupeleka sikioni. Akabonyeza.

Hēnare akatambua alichokifanya yeye mwenyewe, akaona haya. "Ile iliyopotea ilikuwa wapi?"

"Hapa juu."

Hēnare akanyoosha kidole gumba chenye plasta na mafuta ya sufu, akabonyeza kwa nguvu zote.

"Huo ni mfupa, mjinga!"

"Tulia, natibu."

Pare akalichukua lile kopo, akalinywa yeye. Ngāwini akaja, akamshika kaka yake kidevu. "Fungua." Akanusa. "Chai na kitunguu. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, namba mbili, usichelewe." Akageuka haraka, yeye aliyekataza machozi.

Nje, wakifuta mashine, Hēnare alisema bila kumtazama, "Alhamisi nitakupeleka Whanganui. Mimi nitangoja kwenye gari."

"Wana chai."

"Basi nitaingia kunywa chai. Chai tu, binamu."

"Chai tu," alisema Tamahou. "Lakini uoshe masikio."