Jipu la Baba na Baba Mkubwa

Maji ya rejeta yanapochemka hutoa harufu ya kutu na vumbi lililoungua, na harufu hiyo ndiyo inayonijia kwanza kila ninapoifikiria Nachingwea ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana wa darasa la tano. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kaka yake, baba mkubwa, alikuwa mfanyabiashara wa ufuta kule Ruangwa. Walikuwa wamenunua kwa pamoja gari kuukuu aina ya jipu, la kijani, lililobaki baada ya mradi mmoja wa kilimo kufungwa. Baba alitoa mapato ya korosho zake, baba mkubwa akamalizia. Kadi ya gari iliandikwa jina la baba mkubwa kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda Lindi kulichukua, na siku ile hakuna aliyeona uzito wa jambo hilo. Lilipofika nyumbani mama alipika pilau, na bibi, mama yao wote wawili, aliyekuja kutoka Ruangwa alikoishi na baba mkubwa, aliweka kiganja juu ya boneti akalisomea dua kama mtoto anayesafiri.

Makubaliano yalikuwa kwamba msimu wa ufuta jipu likae Ruangwa, na miezi mingine likae kwetu. Lakini lilikuwa gari la kuuguzwa. Klachi iliteleza, springi za nyuma zilikuwa zimelala, na rejeta ilivuja tangu mwanzo. Kila ubovu ulitafutiwa mwenye kosa. Baba alisema springi zimevunjwa na magunia ambayo kaka yake aliyabeba kutoka Mkotokuyana. Baba mkubwa alisema klachi imeunguzwa na mwalimu aliyejifunza kuendesha akiwa mtu mzima. Jipu likitembea, kila mmoja alisema ni lake. Likiharibika, kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyelitumia mwisho. Baba mkubwa alianza kutaja kadi, baba akaanza kutaja korosho. Fundi wetu alikwisha kusema rejeta ifunguliwe ichomelewe, kwa kuwa ile sabuni ya kipande tuliyokuwa tukizibia tundu haingefika mbali. Baba alisema mwenye kadi ndiye atengeneze. Mwenye kadi akajibu kuwa atengeneze anayelipanda. Tukaingia masika hivyo hivyo, na dumu la maji nyuma ya kiti.

Mvua zilipokuwa zimepamba moto, baba mkubwa alituma mtu kutuambia kuwa bibi ameshikwa na tumbo, halali, na kituo cha afya kimeelekeza apelekwe hospitali Nachingwea. Baba alitoka palepale na jipu. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nikachukuliwa mimi ili nimshike bibi njiani. Tulimkuta amekonda, tumbo limevimba. Tulimtandikia godoro nyuma ya jipu, akaweka kichwa mapajani mwangu, na wanawe wawili wakakaa mbele bila kusemeshana ila pale walipoonyeshana mashimo. Tope lilikuwa zito na injini ilinguruma kwa taabu. Hatujafika hata nusu ya safari, mvuke ulifoka kutoka kwenye boneti na jipu likazima. Maji ya dumu yote yaliingia kwenye rejeta, yakatokea chini mbele ya macho yetu.

Hapo ndipo ugomvi wa miezi yote ile ulipolipuka, wakiwa wamesimama kwenye tope, kila mmoja upande wake wa boneti. Bibi aliniambia kwa Kimwera nimuinue. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, akikitoa neno moja moja, lakini siku ile ndicho alichowasemeshea wanawe.

"Gari hili la nani?" aliuliza.

Baba alifunika dumu tupu.

"Nauliza ninyi wanangu. La nani?"

Baba mkubwa alitazama chini. Baba ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "La kwetu, mama."

"Basi mngelitunza," alisema bibi, akarudisha kichwa mapajani mwangu. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu.

Tulikaa pale mpaka alasiri, lilipopita lori la magogo na dereva akakubali kumpakia mbele. Bibi aliishi siku chache hospitalini. Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umekwisha kukomaa, na hakuna mtu nyumbani aliyetamka kuwa tulichelewa.

Alifariki alfajiri. Jirani alijitolea kutoa pikapu yake ya kumpeleka Ruangwa kuzikwa. Baba mkubwa alimshukuru, akasema mama atakwenda kwa gari la wanawe. Jipu lilikuwa limekwisha kuvutwa mpaka kwa fundi. Nilitumwa kuwapelekea chai, nikawakuta ndugu wawili wamekunja mikono ya kanzu, mmoja ameshika rejeta iliyokwisha kuchomelewa, mwingine anakaza mpira mpya wa maji, na hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Kazi iliyongojewa miezi na miezi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Baba aliendesha taratibu. Baba mkubwa alikaa nyuma, mkono wake juu ya jeneza. Tulifikia mahali tulipokwama, tukapita, tukafika. Rejeta haikudondosha hata tone. Hilo ndilo lililoniliza, zaidi ya kaburi lenyewe.

Sikuwahi kuwasikia tena wakibishana juu ya jipu lile. Walilitumia mpaka likachakaa, wakaliuza kama vyuma. Siku hizi barabara imetengenezwa, na mwenye mgonjwa hupiga simu aletewe gari. Mimi nina gari langu, kadi ina jina langu peke yangu, na nilipolipata nililipeleka kwa baba nikitaka alione. Amekwisha kustaafu, anatembea kwa mkongojo. Hakusifu rangi wala viti. Aliniuliza oili ilibadilishwa lini. Nilimwambia sijui. Alinipa mkongojo wake nimshikie, akainama, akaanza kuifungua boneti mwenyewe.