Nguchiro, bakteria, na kuku niliyempelekea mama mkwe

Wakuu, hamjambo. Leo nakiri jambo ambalo nimelikana kwa miezi saba: kuku wa mama mkwe wangu hawakuuawa na nguchiro. Niliyewaua ni mimi, na nina degree ya biolojia. Sijatia chumvi popote.

Nimezaliwa Suna, Migori, nikaolewa Homa Bay. Ndiyo maana mama mkwe ananiita Nyar Suna, yaani binti wa Suna.

Kwa mama mkwe huendi mikono mitupu. Nilimnunulia kuku sokoni Masara. Alikuwa anasinzia, nikasema ni joto.

Na kuku wa zawadi hatengwi. Anaachiliwa kati ya wenzake siku hiyo hiyo. Ukimfunga kando ni kama umeishuku zawadi.

Wiki haikuisha, kuku tisa chini.

"Ni yule nguchiro mwizi wa kwenye kichuguu," mama akasema.

"Ni yeye, Mama. Wabaya sana wale." Nilijibu upesi kuliko nilivyowahi kujibu mtihani.

Sasa tulinganishe. Nguchiro hubeba mmoja na kuacha manyoya. Yai hulirusha kinyumenyume kwenye jiwe mpaka lipasuke. Unamwona, unamtupia kiatu, mnaheshimiana.

Bakteria humwoni. Hatawanyi nyoya, habagui jogoo wala kifaranga, na kuku aliyepona hubaki naye kimyakimya, akiwangoja wageni.

Wale tisa hawakuwa na hata alama ya jino. Niliona. Nikanyamaza.

Mwezi uliopita mama akaongeza kuku wapya. Nao wakaanza kufa. Akanunua sumu, amtegee nguchiro ndani ya yai.

Wakuu, wajukuu wake huokota mayai pale pale!

Nikamwomba asubiri, nikambeba kuku mmoja aliyekufa hadi kwa vet, daktari wa mifugo, mjini.

Funzo: kuku mgeni mtenge wiki mbili, hata akiletwa na mkwe msomi. Na kama umewahi kumsingizia mnyama, jitokeze hapo chini, nisiaibike peke yangu.

Simu ya vet ilitukuta tukichambua dagaa wa omena. Mama akaamuru niweke loudspeaker.

"Madam, ni bakteria. Pasteurella. Kuna kuku mgeni aliingia hapo?"

Mama akanitazama.

"Aliingia," nikasema. "Nilimleta mimi. Alikuwa anasinzia, na niliona."

Mama akaisogelea simu. "Daktari, kwa hivyo nguchiro hana kesi?"

"Hana, mama."

"Haya, sumu naizika leo." Akaanza kucheka, mabega yakitikisika. "Lakini dawa ya kuku uilete wewe mwenyewe. Usimpe Nyar Suna abebe kitu chochote."