Sauti Inayokatikia kwa Annick

Miaka sita nimekaa chumba kimoja cha biashara na Wamalwa hapa mtaani Wandegeya, mimi na mashine yangu ya fotokopi, yeye na kompyuta zake, na sijaona mjuaji anayechosha kama yule. Alitoka Bungoma na diploma, akaandika mwenyewe programu ya seva, nyepesi, inayokaa ndani ya kompyuta kuukuu chini ya meza. Wanafunzi hupakua masomo kwa waifai yake bila kumaliza data zao. Kazi nzuri, ila seva ilianguka mara kumi kwa siku, na kila ilipoanguka, wa kulaumiwa alikuwa mteja.

"Hawa watu hawana adabu kabisa, Celestine. Mtu anaanza kupakua, halafu anatoka na simu yake. Si angemaliza kwanza?"

Ndipo akaja Hortense, msusi kutoka Bukavu anayeishi mtaa wa Nsambya. Mama yake alikuwa amezikwa majuzi, naye hakuweza kwenda. Kabla ya kufa, mama alirekodiwa akiwaaga watoto wake saba, mmoja mmoja, kuanzia kifungua mimba. Hortense ndiye kitinda mimba. Kaka yake alimtumia Wamalwa sauti hiyo kwa barua pepe, Wamalwa akaiweka kwenye seva, maana tundu la kebo la simu ya Hortense lilikuwa limebaki la kuchaji tu, halipitishi faili. Kuisikiliza kwenye spika zetu alikataa. Maneno ya mama si ya watu wa fotokopi, na hapo nilimuunga mkono.

Siku tatu alipakua, na kila siku faili lilikatika njiani.

"Iko nakatika mupaka kwa Annick," alituambia siku ya tatu. "Annick ni wa sita. Yangu haifike."

"Simu yako mbovu, dada," alisema Wamalwa, na mwanafunzi aliyekuwa akipakua pamoja naye ndiyo kwanza ametoka mlangoni.

Nikashindwa kuvumilia. "Simu yake imefanya nini? Aliyetoka ni yule mwanafunzi! Yeye akitoka, huyu akatikie nini?"

Wamalwa akaivuta kompyuta mezani. Ilimchukua saa tatu. Kumbe mteja akikata, programu iliendelea kumpelekea data mtu ambaye hayupo, kisha ikafa, ikawaangusha wote. Dawa yake mistari minne ya programu: aliyeondoka afungiwe yeye peke yake, wengine waendelee. Akaongeza kwamba aliyekatika akirudi aanzie alipoachia. Mistari minne! Na miaka yote hiyo anagombeza watoto wa watu. Hata samahani hakusema.

Kesho yake Hortense alipakua tena. Wanafunzi wawili waliondoka katikati, seva haikutikisika. Faili likafika lote. Akatugeuzia mgongo, simu sikioni, akasikiliza muda mrefu.

"Imekatika," alisema.

"Haiwezekani." Wamalwa alilinganisha ukubwa wa faili la seva na la simu. Hakuna baiti iliyopungua.

Hortense akatuwekea mwisho wa rekodi kwa sauti ya juu, yeye mwenyewe, mbele yetu. Mama anambariki Annick, anakohoa, anakohoa tena. Kisha sauti ya mwanaume: "Mama apumuzike kwanza. Tutaendelea kesho."

Kumbe kesho hiyo mama hakuifikia. Hortense hakulia. Alimtazama Wamalwa tu.

"Sema ni seva," alimwambia.

Wamalwa aliweka mikono yake mezani.

"Ni seva, dada. Kosa ni langu."