Seva Isiyojua Kukataa

Fundi programu wa meza ya dirishani hajaribu kitu bila kutengeneza seva bandia, ya kumjibu badala ya ile ya kweli inayotoa tiketi. Huanza na jibu moja, akajikuna kidevu, akaongeza la pili, la tatu, mpaka bandia inakuwa nene kuliko programu yenyewe, na majibu yote ni ya kukubali. Mkaguzi wa programu anayeketi naye amesema mpaka koo limemkauka. "Ipunguze, kaka. Halafu ifundishe japo kukataa." Yeye huitikia kwa adabu, kisha huongeza. Leo seva ya kweli imekataa ombi, programu ikaganda, abiria wamekwama, simu zinamlilia mkaguzi. Fundi akamgeuzia kioo cha kompyuta taratibu, majaribio yote kijani, yaani yamefaulu. "Mbona kwangu inakubali, dada? Waambie wa tiketi warekebishe yao, ifanane na yangu."