Shati la Mume Wangu Lilinukia Kahawa

Wenzangu hukuta marashi kwenye mashati ya waume zao. Mimi nilikuta kahawa.

Kahawa nzito, ya kukaangwa siku hiyohiyo. Na kwangu siku hiyo haikuchemshwa hata tone.

Mume wangu anaitwa Anold, mwenyeji wa Mhezi huko milimani. Mimi ni mtu wa Tabora, ndoa ndiyo iliyonileta Same mjini. Mtoto wetu ni mmoja, Elinaza.

"Baba Elinaza, umetoka wapi?"

"Hapo kwa kina Fortunata. Tulikuwa tunakunywa kahawa."

Kasema kawaida tu, huku anavua viatu. Mimi moyo ukafanya paa!

Fortunata ni fundi cherehani, nyumba ya pili kutoka kwetu. Mrembo, mcheshi, kicheko chake unakisikia barabarani. Mumewe, Sifael, anafanya kazi shamba la mkonge, na nilivyojua mimi hurudi mwisho wa mwezi tu.

Jumamosi iliyofuata, shati tena kahawa.

Nikajisemea, kama tatizo ni kahawa, ataipata humu ndani.

Nikaagiza mashine ya umeme kutoka Dar, ile ya kudondosha kwenye jagi. Ikatoa maji ya rangirangi. Anold akanywa nusu, akasema, "Asante, mama," akaweka kikombe chini.

Jumamosi akatoka.

Nikatafuta nyingine, ya kioo, ya kukandamiza kwa juu. Hiyo ikatujaza machicha kwenye meno.

Jumamosi akatoka tena!

Jamani, uvumilivu uliniishia. Nikachukua gauni langu nikajifanya nataka lipunguzwe, nikamfuata Fortunata kwenye cherehani yake.

"Hivi Fortu, kahawa yako unapikia mashine gani? Mbona watu hawabanduki hapa?"

Akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

"Yaani wewe ndiye unaniuliza mimi?"

Nikaona huyu sasa ananidharau mchana kweupe. Nikaondoka na gauni langu.

Jumamosi hiyo Anold alipotoka, nikasubiri kidogo, nikajifunga kanga kiunoni, nikamfuata. Hodi sikupiga. Nikazunguka moja kwa moja uani.

Nikachoka mwenyewe.

Fortunata kaketi kwenye kigoda, miguu kainyoosha. Pembeni yake Sifael, kikombe kitupu mkononi, anasubiri.

Na mume wangu? Kachuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kavaa aproni ya maua, anakaanga buni.

"Shemeji, karibu!" Sifael akasema. "Siku hizi narudi kila wiki kwa ajili ya kahawa ya huyu bwana."

 Mimi nilikuwa namwangalia Anold.

"Kumbe unajua kupika kahawa?"

"Mama alinifundisha tangu niko mdogo. Hata buni hii kanitumia yeye. Na hiki kibirika nilikinunua mnadani mwezi wa pili."

"Kwa nini usipikie kwako?"

Akageuza buni. Kisha akasema taratibu:

"Siku niliyoingia jikoni kukaanga, ulinifukuza mbele ya kaka zangu. Ulisema mwanaume anayezunguka jikoni anatafuta nyama. Walicheka sana."

Nilikumbuka. Na mimi nilicheka siku ile.

Kibirika chenyewe kidogo tu, cha alumini. Maji chini, unga katikati, kahawa inapanda juu yenyewe huku inakoroma. Anold alipomaliza kutwanga na kupika, akanimiminia.

Aisee! Nzito, uchungu wa kiungwana, harufu inapanda mpaka puani. Nilikimaliza kikombe nimesimama.

Na niwaambie ukweli, wivu haukuisha pale. Ulizidi. Miezi mitano watu wanakunywa kahawa ya mume wangu, mimi nyumbani natafuna machicha!

Nikakifunga kibirika kwenye kanga kingali cha moto, nikaondoka nacho. Fortunata akapiga kelele, "Mama Elinaza, usitufanyie hivyo!" Sikugeuka.

Siku hizi Jumamosi wao ndio wanaokuja kwetu. Anold anashika jiko, mimi nakaa. Nilimwomba msamaha mbele ya kaka zake, kwa sababu mbele yao ndipo nilipomwaibisha.

Ndugu zangu, nilihangaika na mashine wakati ilitakiwa niulize swali moja tu. Ukimcheka mtu kwa jambo analolipenda, hataliacha. Atatafuta pa kulifanyia.