Dada Anayesoma Maendeleo

Jirani yetu wa ghorofa ya tatu anasoma chuo, maendeleo ya kimataifa. Daftari lake hulikumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na sauti yake ni ndogo mpaka wauza viazi wa Kariakoo humtania, "Ongeza sauti, dada, maendeleo hayasikiki." Jana nilimsindikiza sokoni kwenye utafiti wake. Mbele ya bibi mmoja muuza bamia alifungua daftari, akasoma swali la kwanza: "Eneo hili unalitumia tangu lini?" Bibi akaanza kukusanya bamia zake kwenye kanga. "Nahama mwenyewe, mjukuu wangu. Msinimwagie tu." Kumbe alidhani ni mtu wa jiji, kaja kumwondoa. Dada akachuchumaa, akawa anazirudisha bamia kwenye fungu, moja moja, vichwa upande mmoja kama zilivyokuwa. "Shikamoo, bibi. Mimi mwanafunzi tu, hakuna anayekuhamisha."

"Marahaba. Mwanafunzi wa nini?"

"Maendeleo," akasema, kwa sauti ndogo zaidi.

Bibi akamsogezea ndoo. "Basi kaa. Mtu huanza na habari za nyumbani."

Akakaa, akauliza habari za nyumbani, na mpaka adhana ya alasiri hakuwa ameandika hata neno moja.